Aliyekosekana Anajaziwa

Jumatatu, 3 Juni

Shule imefunguliwa. Vumbi juu ya madawati, popo wameacha zawadi zao chini ya ubao, na Mkuu ametuhutubia mstarini kuhusu "vishikwambi". Yeye peke yake anaviita hivyo. Watoto wanasema tableti. Mimi nasema mzigo.

Mradi wa muhula kwa darasa langu la tano: Kazi za Mtaa Wetu. Watoto wanne kila kundi, faili moja la pamoja, kila mtoto na rangi yake. Akiandika, jina lake linawaka juu na maneno yanatoka kwa rangi yake, hata akiwa nyumbani kwao. Sheria yangu ni ile ile tangu enzi za daftari: aliyekosekana anajaziwa. Mwenzako akiumwa, mnamwandikia sehemu yake ili kundi lisianguke. Nimewaimbisha mpaka imewakaa.

Kundi la Nne wamekuja watatu. Kapteni, binti anayetaka kuamuru hata kengele. Mdomo, jina linajieleza. Na Kimya, ambaye tangu darasa la kwanza sijamsikia akimaliza sentensi. Wa nne, Sindano, hayupo. Tulimpa jina hilo kwa sababu mama yake ni fundi cherehani — na kwa wembamba wake pia, Mungu atusamehe.

Wakati wa mapumziko Fundi mwenyewe amekuja, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Baba alimchukua Sindano likizo, akampeleka kwa dada yake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Likizo imeisha, mtoto hajarudi. Namba ya baba haipatikani. Waliachana mwaka jana bila kelele, kumbe mwenzake kelele alikuwa anaziweka akiba. Wiki iliyopita Fundi alifunga safari kumfuata mwanawe. Wifi yake akamfungia geti. Sindano alikuwa dirishani.

"Alinipungia mkono, mwalimu. Kama mtu anayeniaga."

Amekwenda ustawi wa jamii. Wamepanga kikao Alhamisi ya tarehe ishirini, baba na mama wote wafike. Nimemwambia asikose. Nimesema hivyo mara mbili.

Tableti ya shule iko kwa Sindano huko huko. Ruhusa ya kuondoka nayo nilimpa mimi. Mkuu akijua atanikaanga bila mafuta.


Jumatano, 5 Juni

Sindano ameingia!

Tulikuwa tunaandika kimya — naam, hata Mdomo — ghafla Kapteni akapiga ukelele: "Kijani! Kijani!" Kijani ni rangi ya Sindano. Darasa zima likahamia dawati la Kundi la Nne, na sikuwafukuza.

Aliandika: shikamoo mwalimu. Yuko kwa shangazi, hajapelekwa shule, intaneti anaomba kwa jirani. Halafu, bila kupoteza muda, akaanza sehemu yake: "Mama yangu hushona sketi za shule. Hupima kiuno mara mbili kwa sababu watoto huvuta tumbo."

Kimya alicheka kwa sauti. Nimeshtuka kujua ana sauti.

Nimetuma mtu akamwite Fundi. Alipofika kijani kilikuwa kimezimika. Nikamsomea. Akaniomba nirudie pale pa tumbo.


Ijumaa, 7 Juni

Sasa Fundi anakuja kila mapumziko. Simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo anakaa kwenye kiti cha mwanawe, magoti yamegusa kidevu, anatazama tableti ya Kimya. Kimya ndiye aliyekuwa akikaa dawati moja na Sindano. Namletea Fundi chai ya walimu. Leo kijani kimewaka dakika chache, sentensi mbili kuhusu kupiga pasi. Fundi akagusa maneno kwa kidole, taratibu, kama mtu anayekagua mshono. Kioo kikaruka ukurasa mwingine. Alivyoogopa! Akadhani amemfuta mtoto.

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikajiona mjinga.


Jumanne, 11 Juni

Jana hakuna. Leo hakuna. Fundi amekaa mapumziko yote, ameondoka chai ikiwa vile vile, na utando juu.


Jumatano, 12 Juni

Hakuna. Leo amelia, mbele ya watoto. Hakutoa sauti, machozi tu, na ule utepe wake anaukunja na kuukunjua. Kapteni akatoka nje. Kimya hakuondoka, akabaki anamtazama. Mdomo akainamia begi lake. Mimi nikajifanya nasahihisha hesabu.

Nyumbani nimemfokea baba watoto kwa sababu ya taulo. Taulo lilikuwa mahali pake.


Alhamisi, 13 Juni

Amerudi! Ameandika aya nzima kuhusu vifungo. Fundi amefika akamkuta bado anaandika — mara ya kwanza kuona herufi zikitoka moja moja. Akashika kifua.

Aliniomba niulize kwa niaba yake. Nikaandika kwa rangi yangu nyekundu: mama yako yuko hapa, anauliza kama unakula. Kijani kikakaa kidogo. Kisha: "Nakula vizuri. Usilie mama."

Fundi akauliza tena: unalala na nani, unaumwa? "Nalala na binamu. Siumwi. Baba amesema atanirudisha."

Ameinywa chai yote. Akauliza kama kuna nyingine!

Na mimi, ambaye mashine hizi nimezisema vibaya miezi yote, leo nimeifuta kioo ile tableti kwa kitambaa changu cha kichwa.


Jumatatu, 17 Juni

Kijani kiliandika Ijumaa, na leo tena. Fundi amekuja na uso mwingine. Amewashonea watoto wa kundi mifuko midogo ya kuwekea tableti, kila mmoja kwa rangi yake. Wa kijani ameushona pia, ameniachia mimi.

Akanivuta pembeni. Anasema haendi tena kwenye kikao cha Alhamisi. Baba keshaahidi, mtoto mwenyewe kasema. Ukimburuta mwanamume ofisini, atafura, atabadili nia. "Subira yavuta heri, mwalimu. Au wewe unaonaje?"

Nikasema subira ni njema.

Hayo ndiyo niliyosema. Ningeweza kunyamaza.

Kapteni leo ana mafua au ana lake jambo. Hakumwamuru mtu yeyote kutwa nzima. Nilipomuuliza akasema jua kali.


Jumatano, 19 Juni

Mkuu ameona kazi ya Kundi la Nne. Amesema ndio ushirikiano anaouhubiri, mtoto yuko mbali na bado anafanya sehemu yake. Atawaonyesha wageni wa elimu wakija. Nilivimba kichwa. Kimya akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akakaa huko mpaka kipindi kikaisha.


Alhamisi, 20 Juni

Naandika haraka, mwandiko leo mbaya.

Kipindi cha saba nilipita nyuma ya dawati la Kundi la Nne kuokota chaki. Kidole cha Kimya kilikuwa kinaandika. Maneno yalikuwa ya kijani. Juu ya kioo, jina la Sindano linawaka.

Niliwatoa watatu mpaka stoo ya vifaa vya michezo. Sikupiga kelele. Bora ningepiga.

Mdomo alisema yote. Tangu Alhamisi iliyopita ni wao. Maneno ya siri ya darasa zima ni namba zao za rejista — nilizichagua mimi, ili wasisahau — kwa hiyo kila mtoto anajua ya mwenzake. Mdomo anatunga, Kapteni anakubali, Kimya anaandika, na Fundi akiwepo anatumia tableti ya Kapteni. Ile "usilie mama" ni ya Kimya peke yake, hawakumwambia aandike.

Nikauliza kwa nini. Kapteni akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa akili. "Mwalimu, si ulisema aliyekosekana anajaziwa?"

Na Kimya, sentensi nzima, ya kwanza tangu nimjue: "Alikuwa anaacha chai, mwalimu."

Nilidhani yamekwisha. Kapteni akaanza kulia, kilio kile cha kukoroma. Sindano aliingia. Sindano wa kweli. Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa ofisini. Akakuta jina lake linawaka tayari na mtu anaandika. Akaandika: "Nani huyu ananiandikia mimi?" Wakaogopa. Wakafuta. Akaandika tena: "Kumbe mmeshanijazia." Wakafuta hiyo pia. Akatoka, na hajarudi.

Nimekaa kwenye magodoro ya kurukia nikawakumbatia wote watatu, maana ningefanya nini? Ningewachapa kwa sheria yangu mwenyewe?

Kisha nikakumbuka leo ni tarehe ngapi.

Nikakimbia mpaka kwa Fundi, na viatu vyangu hivi. Alikuwa kwenye cherehani, anaimba. Kikao kilikuwa saa tatu. Ilikuwa inakaribia saa saba. Nikamwambia nenda, nenda sasa hivi, nitakueleza baadaye. Akaniona usoni. Akaacha mguu wa cherehani hewani, akaondoka na uzi mdomoni.


Ijumaa, 21 Juni

Baba alikuja jana. Na dada yake. Na Sindano.

Walimleta mtoto! Afisa wa ustawi amemwambia Fundi hivyo, kwa upole, karatasi zake mbele. Walikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi. Mtoto alivaa sare ya shule, ile aliyoshonewa na mama yake, shule ambayo haendi. Kila mlango ukifunguliwa anasimama. Saa sita afisa akaandika kwamba mama hakutokea, mtoto atabaki kwa baba mpaka litakapoamuliwa vingine. Wakaenda kupanda basi. Fundi alifika kituoni, basi lilishaondoka.

Leo nilimweleza yote, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Nilisema ni mimi, ni sheria yangu, watoto hawana kosa. Nilitaka anitukane. Nilijiandaa kabisa.

Aliinama. Akaokota pini sakafuni, moja moja. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo hajasema anakula?"

Nikasema hapana. Hajasema.

"Wala 'usilie' hakusema?"

Hapana.

Akaniomba nitoke. Alisema "tafadhali, mwalimu." Afadhali matusi.


Jumamosi, 22 Juni

Nimefua. Nimefua hata vilivyo safi. Baba watoto kaniuliza kulikoni, nikaendelea kukamua. Akachukua beseni, akaanika yeye.


Jumatatu, 24 Juni

Naandika nikiwa darasani, mapumziko. Kalamu isiponishughulisha nitakula kucha zote.

Fundi yuko mbele yangu, kwenye kiti cha mwanawe. Amekuja bila kuitwa. Hakunisalimia vizuri, na sikustahili. Kasema: "Nifundishe. Niandike mwenyewe, kwa mkono wangu." Nimemfungulia jina lake. Mashine imempa rangi ya zambarau. Neno la siri la Sindano sijalibadilisha. Nilitaka, nikaona nikilibadilisha nimemfungia nje yeye mwenyewe. Afisa wa ustawi anasema kikao kingine hajui lini. Baba amekwisha kupewa karatasi yake ya kukaa na mtoto.

Herufi anazitafuta moja moja. Sentensi ya kwanza imemla robo saa, na ameifuta mara mbili. Sasa imekaa pale: "Huyu ni mama. Mama wa kweli."

Chini yake hakuna kitu. Chai nimeleta, hajaigusa. Nje wanapiga kelele za mpira.

Ngoja.

Kijani kimewaka.

Nimekimbilia dirishani kabla hata ya kufurahi. Kapteni yupo, anagombana na kipa. Mdomo yupo. Kimya yuko kwenye bomba, ananawa, mikono yake yote miwili naiona. Ni yeye! Ni Sindano! Nimemshika Fundi bega, nimemwambia ni yeye, safari hii ni yeye, naapa.

Herufi zinatoka taratibu. Fundi anazisoma kwa sauti, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kama ni mama kweli, kwa nini hukuja Alhamisi?"

Amesoma mpaka mwisho. Amerudia. Kidole kiko juu ya herufi, hakishuki. Jina la Sindano bado linawaka, anasubiri.

"Mwalimu," Fundi ananiuliza, hanitazami, "namjibu nini?"