Rangi ya Mahali Tusipofika

Jumatano. Rasharasha tangu asubuhi, kisha jua kali, kisha rasharasha tena. Sina huzuni wala furaha. Niko tu.

Leo nilikuwa napaka ramani rangi.

Kwa wasiojua kazi yangu, mimi hukaa kwenye kompyuta ya kikundi kidogo cha wahudumu wa afya wa kujitolea hapa Kisauni. Wahudumu hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama maji ya kisima yanatibiwa kabla ya kunywewa. Wanaandika daftarini, nami naingiza. Kisha natengeneza ramani ya kwenye mtandao, ile inayoitwa ramani ya joto. Kila wadi imekatwa vipande vidogo. Kipande chenye nyumba nyingi zisizotibu maji kinakolea wekundu, chenye chache kinafifia. Kesho wakubwa wa kikundi wanaitazama na kuamua katoni za dawa ya maji ziende wapi.

Kompyuta nilisomea miezi sita tu baada ya kidato cha nne. Mengine nimejifunza kwa kukosea. Siku za mwanzo nilisahau kuweka alama ya kutoa mbele ya nne ya latitudo, ile inayosema tuko kusini mwa ikweta, na kisima cha jirani yetu Magogoni kikaruka hadi karibu na mpaka wa Ethiopia. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya Zawadi, huko nitafika kwa miguu gani?"

Mama ndiye aliyekuwa mhudumu wa upande wetu wa Magogoni. Tumemzika miezi mitano iliyopita.

Asubuhi yote nilihangaika na kipimo cha rangi. Ukiiachia programu ijipimie yenyewe, inachukua namba ndogo kabisa na kubwa kabisa na kutandaza rangi katikati. Kipande kimoja cha wadi ya Junda kilikuwa na namba kubwa mno, kikachukua wekundu wote, vingine vyote vikapauka. Nikaweka kikomo cha juu mwenyewe, nikagawa rangi ngazi tano. Halafu majina ya wadi yakagoma kuoana, kwa sababu faili la mipaka lina herufi kubwa na langu lina ndogo. Nikarekebisha moja moja. Kazi kama hii naipenda. Haikuulizi unaendeleaje.

Saa tano ramani ikakaa vizuri. Bi Salma, msimamizi wetu, akaja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yangu.

"Mashaallah, imependeza. Lakini huku Magogoni mbona kweupe kama kanzu ya Ijumaa?"

Nikasogeza kipanya, nikaikuza ramani.

"Basi wamepona hao. Dawa zote ziende Junda na Mjambere." Akaenda zake.

Nilijua kwa nini kweupe. Ramani hii ni ya mwaka huu tu, na tangu mama aondoke, hakuna aliyepita nyumba zile. Mahali pasipo na kitu, msimbo wangu, yale maagizo niliyoipa kompyuta, unaweka sufuri. Niliuandika hivyo mwenyewe.

Na hapa niseme ukweli ambao sijamwambia mtu.

Mama alikuwa na namna yake ya kuandika. Alinisomea daftari jioni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nami nikichapa. "Kwa Mama Riziki, mbili. Kwa fundi cherehani, sufuri. Kwa Dama, kistari." Namba ilikuwa familia ngapi za nyumba hiyo hazitibu maji; sufuri ilikuwa nyumba aliyoingia akauliza, akajibiwa hapana shida. Kistari kilikuwa nyumba ambayo hakumkuta mtu. Hakuvichanganya hata siku moja, na yeye aliishia darasa la sita.

Lakini programu haikupenda kistari. Ikikutana nacho kwenye safu ya namba, ramani nzima haitokei. Nikaanza kuandika sufuri mahali pa kistari. Mama akauliza, "Kistari umeweka?"

"Nimeweka, mama."

Nilimjibu hivyo miaka miwili.

Kuna jambo la pili. Daftari lake la mwisho, lote la mwaka huu, ambalo hatukuwahi kulisoma pamoja, halijaingizwa. Liko kwenye kikapu chake na kitambaa chake cha kichwa na kalamu iliyotafunwa mwisho. Nimejiambia nina shughuli. Si kweli. Nikishaingiza ukurasa wa mwisho hakuna mwingine, na mimi sikutaka ufike.

Kwa hiyo kuna watu wanakunywa maji ya kisima hivyohivyo bila kuyatibu, na ramani yangu inasema wako salama.

Saa ya chakula nilienda nyumbani nikarudi na kikapu. Nikaingiza daftari lote peke yangu, nikijisomea kwa sauti ya chini kwa vile nimezoea kusomewa. Dakika arobaini tu. Nilidhani itakuwa zaidi.

Kisha nikafuta ile sehemu ya msimbo inayogeuza utupu kuwa sufuri. Programu ina rangi yake kwa mahali pasipo na habari. Miaka yote hii ilikuwepo, ni mimi sikuitafuta. Nikachagua kijivu. Upande wa mama una vipande sita. Viwili vikawa vyekundu sana, kimoja cheupe kwa haki yake, vitatu kijivu.

Bi Salma akaniita toka mlangoni.

"Zawadi!"

"Abee."

"Hiyo kijivu ni nini tena?"

"Hatujui, Bi Salma. Hatujafika."

"Tuwapelekee wakubwa ramani ya hatujui? Si watatuuliza tunakaa hapa kufanya nini?"

"Mama angeweka kistari."

Akavuta kiti akakaa. Alitazama skrini muda mrefu, halafu akacheka kidogo. "Mamako! Alikuja kwangu siku moja nimeenda sokoni, akaniandika kistari. Mimi, mkubwa wake! Wallahi nilimwambia, Kadzo, si unajua nyumbani kwangu tunatibu maji? Akaniambia sijakuuliza."

Nikakuza upande wa mama, akaviona vile vipande vitatu.

"Basi iache kijivu," akasema. "Kesho nitawaomba katoni za Magogoni zisigawiwe kwingine mpaka Jumatatu. Lakini Jumatatu nataka namba. Nani atapita?"

Nikasema mimi. Sijawahi kupita nyumba kwa nyumba. Naona haya kubisha hodi kwa watu. Lakini nilishasema.

Kwenye ufunguo wa ramani, kile kisanduku kinachoeleza rangi, pale programu inapoandika "hakuna data", nimebadilisha nikaandika "hatujafika". Neno moja, lakini nilikaa nalo.

Madaftari mengine ya mama yalijaa. Hili limebaki kurasa nyingi. Kwenye ukurasa wa mwisho alioandika, mstari wa mwisho ni wa Dama, yule auzaye mihogo karibu na kisima. Kuna kistari, na mbele yake kwa mwandiko wa kulala: *nirudi*.

Kalamu iliyotafunwa bado inaandika, nimeijaribu. Jumamosi asubuhi naanzia kwa Dama.