Nimemfungia Baba Kambi

Alhamisi. Mvua imekatika tangu saa nne, uwanja mzima ni tope, na nina hasira na kila mtu, kuanzia na mimi mwenyewe.

Niandike hapa tu, maana nikiungama kwa padri Jumamosi najua nitapunguza maneno.

Baba yangu alikuwa sajenti. Sasa ana miaka sabini na nane na akili yake imerudi jeshini. Hajui kuwa mimi ni binti yake. Ananiita afande, anasimama nikiingia, hagusi chakula mpaka nimwambie "kula." Mwanzoni nililia. Baadaye nikazoea, na baadaye, nisidanganye, nikaanza kulipenda lile neno.

Jumanne alitoroka tena kwenda "kuripoti kikosini." Nilimkuta karibu na daraja la Lumemo, pekupeku, malori yanampigia honi. Huku shambani ndege wananimalizia mpunga, na kazi yangu ya Morogoro niliiacha, huu mwaka wa pili, ili nimtunze. Nikamrudisha chumbani kwake, nikamwambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Umefungiwa kambi siku saba. Hutoki humu."

Akapiga saluti. "Ndiyo, afande."

Ulimi hauna mfupa.

Siku hiyo niliamia ndege, nikiwafukuza mpungani mpaka jioni bila wasiwasi. Nikarudi nikamkuta ametandika kitanda, ametulia. Jamani, nilifurahi! Nilijiona mjanja kweli.

Jana mvua ikanikuta shambani. Mto ukafurika, maji yakaingia mtaani kwetu. Nilipofika nyumbani mlango wa Baba ulikuwa wazi, na haujawahi kuwa na kufuli. Yeye amekaa kwenye stuli, mgongo umenyooka, miguu ndani ya maji, midomo inatetemeka. Mama Anyesi, jirani, alikuwa amemwita dirishani mpaka koo likamkauka.

"Baba, kwa nini hukutoka?"

"Sina ruhusa, afande."

Nikamwambia basi, nimekuruhusu, twende chumbani kwangu pakavu. Akakataa. Kwao jeshini adhabu haifutwi na aliyeitoa, inafutwa na mkuu wa kambi. Nikapiga magoti kwenye yale maji nikamwomba msamaha. Akageuka akatazama ukuta. Nadhani aliniona wa ajabu, afande kumpigia magoti askari.

Leo maji yameshuka, lakini kuta zimelowa na Baba anakohoa kikohozi cha kifuani. Nesi wa mtaani kaja, kaacha dawa, kasema atolewe kwenye unyevu ule upesi. Tulijaribu kumbeba. Aling'ang'ania kitanda hadi tukaogopa kumvunja mkono.

Nikampigia Deo, kaka yangu wa Mlimba. Nikamwomba ajifanye mkuu wa kambi, aseme tu "adhabu imefutwa," basi.

Alicheka kwanza. Kisha akasema niweke spika.

Nilijua anafikiria nini. Babu yetu alikuwa Keya, jeshi la Mwingereza, akachapwa viboko mbele ya gwaride zima. Makovu alikuwa akituonyesha. Enzi za Baba viboko vilishaondoka, ikabaki kufungiwa kambi na kuruka kichurachura, na Baba akayaleta hayo mawili nyumbani. Deo alirushwa kichurachura kuzunguka nyumba hii kwa kupoteza mbuzi mmoja. Magoti yalichubuka, Mama analia mlangoni. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu mizunguko, nikahesabu.

Nikaweka spika. Baba akasimama wima, anakohoa, anasubiri.

"Amalize siku zake," Deo akasema, akakata.

"Nimesikia, mkuu," Baba akaijibu simu iliyokwisha kukatika.

Haki ya Mungu, ningekuwa karibu na Deo ningemzaba kofi. Halafu nikakumbuka aliyetoa hiyo adhabu ni nani.

Nimekausha sakafu kwa magunia. Nimemvika Baba masweta mawili, nimempa dawa, amekunywa kwa amri. Zimebaki siku nne baada ya leo. Nimeburuta godoro langu nikalitandika chini, kando ya kitanda chake, maana sina tena la kufanya.

Akanitazama, akalitazama na godoro. Mara hii hakuniita afande.

"Na wewe umefanya kosa gani?"

"Nilimfunga mtu asiye na hatia."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanisogezea blanketi lake.

"Hilo kubwa," akasema. "Umepewa siku ngapi?"