Nilipopewa Kiti kwenye Meza ya Kuonjea

Alhamisi, Julai. Kimandolu.

Baridi ya kuvaa sweta mbili. Mlima Meru umejifunika tangu asubuhi, na mimi natamani kufanya hivyo hivyo.

Kwa miaka minne nimekuwa msaidizi kwenye maabara ya kiwanda cha kahawa. Nakaanga sampuli, nasaga, napanga vikombe. Wanaume watatu hukaa mezani, huonja kwa kijiko, hutema, hutoa alama. Wakibishana, bosi huniita kando: "Aneth, hebu onja wewe." Ninachosema ndicho kinachoandikwa.

Jina langu haliandikwi.

Mama yangu alichuma kahawa huko juu Meru maisha yake yote, na nyumbani tulikunywa chai. Pengine ndiyo maana nakitamani kile kiti kiasi hiki. Nimewahi kukikalia wakati wa kufagia, mlango ukiwa umefungwa.

Wiki iliyopita Elirehema, mwonjaji mpya niliyemfundisha mimi, alinionyesha karatasi yake ya mshahara. Ni mara mbili ya wangu. Hakuwa anaringa, alidhani mimi nampita. Alivyogundua, akaikunja haraka na kuirudisha mfukoni.

Jumatatu nikaingia kwa bosi.

"Shikamoo bosi. Naomba niwe mwonjaji, kwa mshahara wa mwonjaji."

"Marahaba." Akatabasamu. "Aneth, wewe una mume. Na kazi hii ina safari. Watoto utamwachia nani?"

"Elirehema naye ana watoto wawili. Yeye ulimuuliza?"

Akasema nitafanya mtihani. Elirehema hakufanya mtihani wowote.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Vikombe kumi visivyo na majina, wote wakiniangalia. Cha tatu nilikirudia mara mbili. Nikataja kahawa ya kila kikombe ilitoka shamba gani, na ile moja iliyochachuka kupita kiasi.

Vyote sawasawa.

Elirehema akanivutia kiti. Nikakaa. Kwa dakika moja nilikuwa na kila nilichowahi kutamani.

Bosi akanipa mkono. "Hongera, kuanzia leo wewe ni mwonjaji. Mshahara tutauangalia mwakani, bajeti ikiruhusu."

Nami nikasema, "Asante, bosi."

Nimerudi nyumbani nikilirudia neno hilo njia nzima. Asante ya nini? Nani alinifundisha kushukuru kwa nusu ya haki yangu?

Barua kwa bosi nimeshaianza. Ina mstari mmoja tu, "Naomba mshahara wa mwonjaji kuanzia leo," na asubuhi naipeleka.