Dereva wa Baba

Doha, 7 Machi 2013

Mpendwa dada Nasimiyu,

Leo ni Alhamisi, na nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Mama ameniambia niyanyamazie. Lakini kwanza, hujambo? Homa imepoa? Mama yako hajambo? Sisi tuna afya, ila chakula hakipiti. Ninaandika kwa anwani ya bibi yako wa Webuye, ile uliyoitumia katika zoezi la barua, kwa sababu simu zenu zote zimezimwa.

Baba amekamatwa. Jumanne asubuhi baba yako, ambaye nimezoea kumwita Baba Mdogo, alikuja na gari kama kawaida, akasema huendi shule, una homa. Baba alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Akacheka: "Arnold, wewe huwa unalala saa ngapi? Dereva kama wewe ni wa kufa na kuzikana!"

"Bosi, tunywe chai kwanza, kuzikana baadaye," Baba Mdogo akajibu.

Njiani hata redio hakuiwasha. Mchana hakuna aliyekuja kunichukua. Mwishowe Mama akafika kwa teksi, bado amevaa sare ya hospitali, akanieleza kwamba polisi wameingia ile nyumba ya Muaither ambamo ofisi ya Baba huwaweka wafanyakazi wa nyumbani wanaosubiri waajiri. Wanasema Baba na wenzake ni genge. Wanasema wamewafungia watu na kuwauza. Kuwauza, Nasimiyu! Baba huyu anayetokwa na machozi kanisani kwaya ikiimba!

Tulipitia kwenu Al Mansoura. Mlango ulikuwa wazi, hakuna hata pazia. Je, mlikimbia? Kama mlikimbia sina hasira. Wakili anasema shahidi aliyefanya kazi na Baba kwa karibu anaweza kumwokoa, na Baba Mdogo amekuwa naye kila siku mwaka mzima. Mwombe aandike tu kwamba Baba ni mtu mwema. Kesi itasikizwa tarehe 19 Mei. Nijibu kwa sanduku la posta la hospitali ya Mama.

Dada yako,
Wairimu

Webuye, 28 Machi 2013

Dada Wairimu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika na sisi hatujambo. Homa imekwisha. Huku mvua imeanza, na njia ya kwenda shule yangu mpya ni matope matupu.

Pole kwa mambo ya baba yako. Baba hayuko hapa, wala sijui atakuja lini, kwa hiyo sikuweza kumfikishia ombi lako. Tafadhali usiandike jina lake tena katika barua. Msalimie Mama.

Ni mimi dada yako,
Nasimiyu

Doha, 18 Aprili 2013

Dada mpendwa,

Asante! Nilipoona mwandiko wako nilipiga kelele mpaka Mama akadhani nimeungua. Tunaendelea vizuri kiasi. Tumehamia chumba kimoja Fereej Bin Mahmoud, kimegawanywa kwa ubao, na ukikohoa jirani anakuambia pole.

Sasa nimeelewa. Baba yako amejificha, kwa kuwa wale wenzake Baba ambao hawajakamatwa wanamtafuta. Ndiyo maana nisiandike jina lake. Sitaliandika. Lakini acha nikuambie jambo moja. Juzi tuliruhusiwa kumwona Baba. Amekonda, ndevu zimemjaa. Nilidhani ataniuliza habari za mtihani. Badala yake akauliza, "Mmemwona Arnold? Waambieni polisi wasimpige. Yeye alikuwa anaendesha gari tu." Samahani, nimeliandika jina, lakini ndivyo alivyosema.

Unaona jinsi anavyompenda? Mwambie hivyo baba yako, popote alipo. Karatasi moja tu, Nasimiyu. Hata nusu karatasi. Zimebaki wiki nne na siku tatu.

Dada yako anayekungoja,
Wairimu

Webuye, 9 Mei 2013

Kwa dada Wairimu,

Natumaini u mzima. Bibi ameniruhusu barua hii moja, Baba asijue.

Baba hakujificha. Baba ni askari kanzu. Kikosi chao cha Nairobi kilimtuma huko, na polisi wa huko walijua. Ile kazi ya udereva, ile nyumba yetu ya Al Mansoura, hata lile gari, vyote vilikuwa vya kazi. Ni yeye aliyewaita polisi Muaither. Atakuwa shahidi, lakini si wa upande wenu.

Baba alipokuja nilimsomea maneno ya baba yako. Alitoka nje, hakurudi mezani mpaka chakula kilipopoa. Sijui alifikiria nini.

Usiniulize nilijua tangu lini. Nisamehe.

Nasimiyu

Doha, 13 Juni 2013

Kwa Nasimiyu,

Hujambo? Bibi hajambo? Mimi sijui kama sijambo, lakini nimefundishwa kuuliza kwanza, basi nauliza.

Kwa wiki tatu nilikuchukia. Nililala nikikutungia barua za matusi, asubuhi nikasahau nusu yake. Kisha kesi, iliyokuwa imeahirishwa, ikasikizwa, na Baba akakiri mwenyewe. Miaka saba. Mama hakulia, alikuwa na zamu jioni ile.

Jirani yetu wa nyuma ya ubao ni dada Mganda, jina lake Proscovia. Alikuwa katika ile nyumba ya Muaither. Walikuwa wanawake kumi na mmoja chumba kimoja, na kufuli lilikuwa nje. Pasipoti zao zilikuwa kwa Baba. Alinihadithia akikunja nguo, bila kujua mimi ni nani: "Dereva ndiye aliyetufungulia. Akasema, dada zangu, tokeni polepole, chukueni viatu vyenu." Kesho yake nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akanyanyua shuka, akasema, "Haya, nishikie ncha hiyo ya shuka."

Mara moja nilipita pale Muaither na Baba, nikasikia watu wakiimba ndani. Alisema ni wageni wanangoja ndege. Sikuuliza ndege gani. Kwa hiyo sitakuuliza ulijua tangu lini, maana mimi nami sina jibu langu.

Baba yako alifanya vizuri. Naandika hivyo na mkono unauma. Baba yangu nampenda pia, na sijui mtu anaweka wapi mambo mawili kama haya.

Jambo langu ni jingine. Siku yako ya kwanza darasani kwa Mwalimu Kendi, viti vitano vilikuwa vitupu. Ulivipita vyote ukaja kuketi nami, ukaniomba ufutio. Baadaye nikaona wako, mpya, umo mfukoni. Nilifurahi sana siku ile, sikuwa na rafiki Doha nzima. Nijibu mara tu uisomapo hii, hata kwa neno moja, nitaamini lolote utakaloandika: alikutuma baba yako, au ulikuja mwenyewe?

Wairimu