Saa ya Mguuni

Bwenini, 2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimekuacha wewe na mguu wako, kwa hiyo akili haijatulia. Je, ganzi imepungua? Unakula kwa wakati?

Nakukumbusha ile saa ya kuhesabu hatua aliyokuletea Shangazi. Ivae kila siku. Asubuhi huanza sifuri, na ukitembea vya kutosha itatetemeka kukupongeza. Daktari alisema mbele yangu kwamba kidonda kimefunga, lakini sukari isiposhuka, safari ijayo huenda akaukata mguu. Na ukikatwa mguu, Baba, cherehani itakanyagwa na nani? Tafadhali tembea, hata kidogo kidogo.

Binti yako

Dukani, 23 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mama yako anasema usivae soksi mbichi. Mguu upo, bado unalala kabla yangu.

Saa yako ina heshima. Mkononi ilikuwa ikinasa kwenye vitambaa, nikaihamishia kwenye kifundo cha mguu. Siku hiyo nilikuwa na sare za kwaya. Kabla ya saa sita, nikiwa kwenye kola, kitu kikatetemeka mguuni. Nikadhani mende, nikapiga kofi. Kumbe ni pongezi. Tangu hapo napongezwa kila siku, na wateja hawanisubiri. Jirani yetu fundi viatu ananitania: "Fundi, umeshavuka mpaka wa nchi, kiti chako bado kipo hapa." Mwache. Saa haina wivu.

Baba yako

Bwenini, 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka hadi matroni akaja kuuliza kuna nini. Mara ya tatu sikucheka.

Baba, saa inahesabu pedeli. Mguu unapanda na kushuka, wewe umekaa. Mimi naona hatua ni ile inayokutoa ulipo. Fundi viatu anakuambia ukweli, ameufunika tu kwa utani.

Usinikasirikie. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mshono uliopinda hufumuliwa hata kama mteja hatauona.

Binti yako

Bwenini, 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Wenzangu wanaletewa barua, mimi naletewa pole. Kama nimekukosea adabu, niadhibu kwa barua ndefu. Kama ni mguu, usinifiche, mwambie Mama aandike. Nikisikia neno "hospitali" darasani, kalamu inasimama.

Binti yako

Getini, 13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ya barua zote mbili. Sikukasirika. Niliona haya, na mwenye haya kalamu humwia nzito.

Nimefumua. Saa imerudi mkononi. Nikikaa kushona naivua na kumkabidhi fundi viatu, ambaye sasa amejipa cheo cha usimamizi. Jua likipoa ananirudishia na kunifukuza dukani kwangu mwenyewe: "Nenda, mzee, kiti nitakilinda." Jioni ya kwanza niliishia kwenye nguzo ya umeme, nikarudi nimelowa kama niliyenyeshewa. Baadaye nikafika kituo cha basi. Kisha nikakipita, mama yako akinifuata kwa mbali akidhani simwoni.

Juzi daktari alinipima. Sukari imeanza kushuka. Hakuniahidi kitu, ila safari hii hakuanza kwa kuutazama mguu. Alinitazama usoni, akaniuliza habari za kazi.

Barua hii usiitafutie stempu. Basi limenishusha barabara kuu, na wenye pikipiki wameniita hadi wakachoka. Naandikia kwenye benchi la mlinzi. Atakuletea yeye kengele ikilia. Saa ilitetemeka nilipoliona paa la bweni lako. Sikuitazama, nilikuwa natazama paa.

Njoo, lakini usikimbie. Ukitokea tu mlangoni, simama hapo. Hatua zilizobaki niachie mimi.

Baba yako