Kasuku Anaiga Mtu Yeyote

Mama, shikamoo.

Chai iko kwenye chupa, dawa yako ya kifua iko juu ya friji. Mjukuu wako Kasuku akiamka ale kwanza, katuni baadaye. Nimegonga mlango wako hukuitika, na sikulaumu. Nawahi zamu ya mchana.

Kosa ni langu. Ni mimi niliyeandika kwenye wasifu wake wa uigizaji, pale penye vipaji: "Anaiga mtu yeyote." Nilidhani ataiga mwalimu wake, au kuku. Asubuhi kwenye usaili mwongozaji akamwambia, "Haya, niigie mtu wa nyumbani kwenu." Mtoto akashika kiuno, akaweka kiganja sikioni kama simu: "Shoga, huyu mama mkwe atarudi kwake lini? Akikohoa, hata redio haisikiki!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na wewe umekaa pale mbele, umemshikia viatu vyake.

~~Unajua watoto wa siku hizi wanavyotia chumvi.~~ Hakutia chumvi hata punje. Hata ule mguno wa mwisho ni wangu. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Wamepiga simu, amepata nafasi. Wanataka wasifu urudishwe na jina la mlezi atakayekaa naye siku za kurekodi. Nimekuandika wewe.

Tuliporudi nilikuona unakunja nguo. Begi lako usilitafute, nimeondoka nalo. Acha wenzangu kazini waniulize mimi nahamia wapi.

Mkaza mwanao