Ulichokuwa Ukiwauliza Jikoni

Fundi wangu Maulida,

Jana nimeuangusha mkwaju wa bibi mmoja wa hapa Ntsoudjini, Koko Amina, na tangi lake la maji halikupata hata ufa. Nimeona wewe ndiye wa kwanza wa kuambiwa, ingawa huu ni mwezi wa tano umelala Mutsamudu na mimi sikuwapo kukutia mchanga.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyokuwa tukisemezana kazini, sisi tuliokulia Unguja tukarudishwa visiwani kwetu na lugha ya watu kinywani. Kindzuani cha kisiwa chako nilikuwa nakielewa nusu. Kingazija cha kisiwa changu ulikuwa unakicheka chote.

Huku mambo yamegeuka, fundi. Ulipofariki, harusi kubwa za ada bado zilikuwa zimepigwa marufuku. Sasa, tangu wale askari wa Kizungu wa kukodiwa waje na bunduki zao na serikali ya marufuku iondoke, kila aliyekuwa ameahirisha harusi yake anataka kuifanya mwaka huu huu. Masufuria hayapoi. Watu wanatafuta kuni kama wanavyotafuta mchele, na mti wowote uliokauka, hata ukiwa umeinamia nyumba, unaitiwa fundi. Fundi mwenyewe, eti, ni mimi!

Nitasema lililoniuma, maana tuliachana vibaya. Miaka mitatu nilikuwa nawe, na kila tulipoitwa kwenye mti mkavu wewe ulikuwa huutazami. Ulikuwa unapita moja kwa moja uani, unakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kama mwenye nyumba, unaomba chai. Mimi nje natia shoka makali. Nasikia mnacheka na wanawake wa nyumba ile, saa nzima, jua linapanda. Mwanzo nilisema fundi ana njaa. Baadaye nikasema fundi ana umbea. Mwishowe nikakwambia usoni, mbele ya watu, kwamba mimi nilikuja kujifunza kukata miti, sikuja kunywa chai za wake za watu. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Haya, nenda. Kuuliza si ujinga, utakuja kuuliza." Kesho yake nikashuka bandarini nikapanda meli ya Moroni, nikijiona nimeshinda.

Habari ya kifo chako nililetewa na mpagazi mmoja wa bandari ya Mutsamudu aliyekuja kumtembelea dada yake. Alinieleza huku anakula embe. Sikumchukia, hakujua.

Nilikuja kwenye arubaini yako. Baada ya hitima, badala ya kurudi, nilibaki siku mbili nikizunguka katika vichochoro vya mji, nyumba hadi nyumba, kila mahali tulipokata. Nilitaka kujua kitu kimoja: huko jikoni ulikuwa unasema nini? Wanawake walinicheka sana. Ma Hadija wa karibu na mto alisema ulimuuliza maji ya kuoshea samaki anayamwaga upande gani. Jirani yake akasema hukumuuliza lolote, ulikula mikate yake minne na ukausifu mchuzi. Lakini bibi mmoja kipofu, yule mwenye mfenesi ulioegemea msikiti, alisema, "Aliniuliza, mwaka ule mti ulipokufa, humu ndani tulifanya nini."

Nikaandika swali hilo moyoni. Sikujua la kulifanyia nini.

Ndipo nikaitwa kwa Koko Amina. Mjukuu wake anaoa mwezi ujao, na mkwaju wao ulikuwa umekauka miaka miwili, umesimama umeinamia barabarani, na nyuma yake, hatua tatu tu, liko tangi lao la mawe la maji ya mvua. Wewe mtu wa Mutsamudu ulizaliwa mtoni, huenda hulijui hili vizuri: Ngazidja hatuna mto hata mmoja. Tangi likipasuka mwanzo wa kiangazi, nyumba inaomba maji kwa majirani mpaka mvua zirudi. Na hii nyumba ina harusi, ina ng'ombe wa kuchinja na mji mzima wa kulisha.

Nilipouona mti nilifurahi. Umeinama mbali na tangi! Na huku kwetu ardhi ni mawe ya volkano, mizizi inatambaa juu juu, kwa hiyo mti mkavu ukiufunga kamba na kuuvuta unang'oka mzima na kisiki chake. Kisiki cha mkwaju unakijua, moto wake unalala na kuamka nao. Wanaume wanane walikuwa tayari, kamba imeshafungwa juu. Hata mzee wa nyumba alisema hakuna kazi rahisi kama hii.

Sijui nini kilinishika. Labda aibu tu. Niliwaambia wangoje, nikaingia uani, nikamwamkia Koko "kwezi", akaitikia "mbona", nikaomba chai. Wanaume nje wakaanza kunung'unika, na nilijua kabisa wanasema nini, maana maneno yale niliyatunga mimi.

Nikamuuliza: mwaka ule mti ulipokufa, mlifanya nini humu?

Koko alifikiri. Akasema hawakufanya kitu. Halafu akasema, ah, ila walitengeneza tangi. Mwanawe wa Marseille alileta fedha za saruji, kwa sababu maji yalikuwa yanaisha kabla ya wakati, kila mwaka, na hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Walipolikausha wakakuta ndani mizizi imejaa kama nywele. Wakaikata yote wakapiga saruji. Yeye alikuwa amezoea kujisifu kwamba mkwaju wake hautupi majani kiangazi kama mikwaju ya wenzake. Akapiga paja, akacheka mpaka macho yakatoka machozi: "Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nilikuwa naunywesha!"

Chai ilipoa mkononi mwangu, fundi. Kumbe mizizi ya upande ule haikutambaa juu ya mawe. Ilikuwa imeingia ukutani. Tungeuvuta mti kuelekea barabarani, mizizi ingenyanyuka nyuma yake, na ingenyanyuka na ukuta.

Nikatoka, nikawaambia wafungue kamba. Walinitazama kama nimerogwa. Nikawaambia hatung'oi, tunakata, na tunakata kwa urefu wa kiuno, kisiki kinabaki. Mzee wa nyumba akasema nimeanza uvivu wa Kindzuani. Nilikubali.

Tulizuia barabara na mawe. Nilichonga kwa shoka pengo la mdomo upande wa kuangukia, nikaenda nyuma na msumeno wa watu wawili, mimi na shemeji yangu. Katikati ya kazi lilifika gari la wale askari wa Kizungu likitokea mjini. Kijana mmoja mwenye miwani myeusi akapiga honi, kisha akaona mti unatikisika akaacha. Wakangoja kama watu wengine. Mkwaju ulilia mara moja, ukakaa kimya muda ambao niliuona mrefu sana, ukalala barabarani pale pale nilipochora mstari. Mzungu alishuka, akaokota kibanzi, akakinusa, akakitia mfukoni. Mpaka sasa najiuliza alikitaka cha nini.

Kupasua kumetuchukua siku nzima na bado. Nyuzi za mkwaju zimesokotana, kabari inaingia na haitoki. Lakini matawi yalikuwa makavu tayari, na jioni ile ile wanawake walibeba mafungu ya kwanza.

Mimi nilichukua jembe. Sikuweza kuvumilia bila kuona. Nikachimbua kati ya kisiki na tangi, taratibu, na nikaikuta: mizizi minene kama mkono wangu, imepita katika viungo vya mawe, imekaza. Nilikaa chini pale nikalia. Watoto wakaja kutazama mtu mzima anayelilia kisiki.

Unajua nililia nini? Si tangi. Niliona kwamba kila mti uliokufa katika mji ule, wewe ulitaka kujua umekufa kwa nini. Uliingia, ukakaa, ukauliza. Na wewe mwenyewe ulianza kukonda mbele ya macho yangu. Nguo zilikuning'inia, ukawa unapumzika kila baada ya magogo mawili, na mimi nilichoona ni kwamba unanichelewesha. Miaka mitatu, fundi, na sikukuuliza hata mara moja.

Harusi ikiisha ninapanda meli kuja Mutsamudu. Nitamletea mkeo, Ma Sitti, mzigo wa kuni nzuri za kiini, halafu nitaomba chai nikae. Nitamuuliza ulianza kukonda lini, na mwaka ule nyumbani kulikuwa na jambo gani. Naahidi nitamsikiliza mpaka amalize, hata kama jambo atakalolitaja ni mimi.

Mungu akupe upana huko uliko, fundi wangu. Naogopa jibu lake, lakini nitakuja.

Mwanafunzi wako,
Mbaraka